Columbo kwenye DVD: namna ya kumnunua Peter Falk bila kuuziwa kivuli chake

Muuaji unamjua tangu mwanzo. Umemwona akivaa glovu, akifuta meza kwa leso, akirudi sebuleni kwa wageni wake na glasi mkononi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo anayenunua misimu ya Columbo, tamthilia ya televizio ya Marekani kuhusu mpelelezi wa polisi, ili abahatishe nani ameua atajutia pesa yake kabla diski ya kwanza haijaisha. Mpelelezi mwenyewe mara nyingi haonekani mpaka robo saa ipite, na wakati mwingine zaidi. Kinachouzwa katika sanduku hili ni mtu mmoja akifanya kazi yake mbele ya macho yetu katika vipindi 69, kuanzia 1968 hadi 2003. Mtu huyo ni Peter Falk wa New York.

Na kazi yake imo katika mambo madogo. Anavyopapasa mifuko akitafuta penseli. Anavyonyamaza kabla ya swali. Anavyofika mlangoni, akatoka, akarudi. Ndiyo maana ubora wa diski si jambo la mafundi peke yao. Kopi mbovu haifuti hadithi, kwani hadithi utaifuata hata picha ikiwa na ukungu. Inafuta uso. Unabaki na polisi mwenye koti, na yule uliyemlipia hayumo.

Hapa Lubumbashi utakutana na Columbo kwa sura tatu. Kuna masanduku ya asili ya Kifaransa, ya msimu mmoja mmoja au yote pamoja, yanayoingia na vitu vilivyotumika kutoka Ulaya. Kuna diski zilizochomwa, zenye jalada lililopigwa fotokopi. Halafu kuna faili za kutiwa kwenye kle ya USB. Tunapendekeza ile ya kwanza tu, na sababu zake zinaonekana kwa macho.

Geuza diski. Ile iliyopigwa kiwandani ina rangi ya fedha upande wa chini. Ikiwa ya safu mbili, fedha hiyo inaelekea kidogo kwenye dhahabu. Iliyochomwa ina rangi ya zambarau au bluu. Diski ya kiwandani yenye safu mbili inabeba gigabaiti 8.5, na ile ya kuchoma ambayo wengi wanatumia inabeba 4.7. Anayenakili lazima abane picha karibu nusu ili iingie, na programu inapobana huanza kutupa vitu visivyotikisika sana na vilivyo gizani: moshi wa siga, nyuzi za koti, ngozi iliyo chini ya macho. Ofisi ya muuaji usiku inageuka miraba ya kijivu. Kwenye faili za kle hali ni mbaya zaidi, na mara nyingi sauti inatangulia midomo au inaifuata nyuma. Kwa mwigizaji anayefanya kazi kwa kunyamaza, sauti ikichelewa nusu sekunde mchezo umeharibika.

Ukishaona rangi ya fedha, elekeza diski kwenye mwanga utafute mikwaruzo. Mkwaruzo unaotoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni usikutishe sana, kwa sababu mwanga wa lekta, ile mashine ya kuchezea diski, unaukata kwa kitambo kifupi tu, na lekta ina hesabu ya kujaza kilichokosekana. Mkwaruzo unaozunguka kufuata duara ndio wa kukataa. Huo unaharibu data mfululizo, na lekta haina pa kushika. Ndiyo sababu pia diski hufutwa kutoka katikati kwenda nje, kwa mistari iliyonyooka, wala haizungushwi kama sahani. Tumia kitambaa laini cha pamba na maji safi kidogo. Mafuta ya vidole yakikataa, alkoholi ya famasi. Petroli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha ziache, zinafanya plastiki iwe na ukungu usiotoka tena.

Kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye lekta, na usiridhike na menyu. Menyu inafunguka hata kwenye diski iliyokufa. Diski ya safu mbili husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, halafu mwanga unaingia safu ya pili na kurudi kutoka ukingoni kwenda katikati. Mahali pa kugeukia ni ukingoni, pale pale kila mtu anaposhika kwa vidole. Kwa hiyo ruka mpaka katikati ya yaliyomo, ambapo kwa kawaida ni mwisho wa kipindi cha kwanza au mwanzo wa cha pili, utazame dakika tatu. Picha ikisimama kufumba na kufumbua halafu ikaendelea, ni kugeuka kwa safu, si kasoro. Ikiganda, ikatoa miraba, ikarudi kwenye menyu, mrudishie mwenyewe diski yake.

Tatizo la zone, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nalo linawaumiza wengi bila sababu. Masanduku ya Ufaransa ni zone 2, na Kongo imewekwa zone 5. Lekta nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini zinasoma zone zote, lakini lekta ya chapa kubwa inaweza kukataa na kukuandikia kwamba zone si sahihi. Nyingi zina namba ya kufungua kwa telekomande, na kila modeli ina ya kwake. Kwa kompyuta kuwa mwangalifu zaidi: kiendeshi cha DVD kinakuruhusu kubadilisha zone mara 5 tu, na ya mwisho inabaki hapo hapo milele. Wengine wanaichezea kwa kujaribu tu, wanajikuta wamejifungia nje. Ndugu aliye Marekani akijitolea kukutumia sanduku la kule, mshukuru na umwambie asubiri: hizo ni zone 1, na usitegemee kukuta sauti ya Kifaransa ndani yake.

Kitu cha mwisho kabla ya kukaa: umbo la picha. Columbo ya miaka ya 1970 ilipigwa kwa televizio za mraba, 4:3. Televizio bapa ya leo inaivuta kushoto na kulia mpaka ijaze kioo, na Falk, aliyekuwa mtu mfupi na mwembamba, anakuwa bwana mnene mwenye mabega ya beki. Bonyeza kitufe cha umbo la picha, chagua 4:3, ukubali mistari myeusi pembeni. Watu wanailalamikia mistari hiyo. Lakini koti lake la mvua linaning'inia vizuri tu pale mwili ulio ndani yake unapobaki mwembamba.

Koti lenyewe lilikuwa lake, alilinunua New York. Ile Peugeot 403 ya kukunjwa paa, ya 1959, aliichagua yeye mwenyewe kati ya magari ya studio ya Universal. Wazee wa hapa waliosafiri ndani ya 404 na 504 watacheka kuona Peugeot ya kizamani imeegeshwa mbele ya majumba ya matajiri wa Los Angeles, na kicheko hicho ndicho alichokitafuta.

Sanduku halikuambii alikotoka, na bila kujua alikotoka utaona nusu tu ya anachofanya. Alizaliwa 16 Septemba 1927. Akiwa na miaka 3 aliondolewa jicho la kulia kwa sababu ya saratani ya retina, akaishi na jicho la bandia. Jeshi halikumtaka, akaenda baharini kama mpishi kwenye meli za biashara. Akarudi shuleni, mwaka 1953 akapata shahada ya uzamili ya utawala wa umma pale Syracuse, akaajiriwa katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford. Kazi yake ilikuwa kuchunguza namna idara zinavyofanya kazi na wapi zinapoteza. Mtazame Columbo akikagua ofisi ya mtu, akiuliza karatasi hii inatoka wapi na nani alizima taa, ukumbuke kwamba aliye ndani ya koti alilipwa mshahara kuuliza maswali ya namna hiyo.

Uigizaji aliufanya jioni, akiwa na wenzake wasiolipwa. Alikuwa akiendesha gari kutoka Hartford hadi Westport kufuata darasa la mwigizaji Eva Le Gallienne lililokuwa la waigizaji wa kazi, ilhali yeye hakuwa mmoja wao. Mama yule alipogundua, alimwambia kwamba basi anapaswa kuwa. Mwaka 1956 akaacha ofisi ya serikali, akahamia New York, na mwaka huo huo akapanda jukwaani katika The Iceman Cometh ya Eugene O'Neill, kwenye ukumbi mdogo wa Circle in the Square, akimcheza mhudumu wa baa pamoja na Jason Robards. Hollywood ilisita. Harry Cohn, mkuu wa studio ya Columbia, alimkataa waziwazi kwa ajili ya jicho. Miaka michache baadaye Falk aliteuliwa kuwania Oscar mara mbili mfululizo, kwa filamu ya 1960 na ya 1961, kisha akapata Emmy, tuzo ya televizio, ya kwanza mwaka 1962, Columbo akiwa bado hajafika kwake. Emmy nne nyingine, za 1972, 1975, 1976 na 1990, ni za Columbo.

Jukwaa hakuliacha. Novemba 1971, msimu wa kwanza wa Columbo ukiwa hewani, alikuwa Broadway na Lee Grant katika The Prisoner of Second Avenue ya Neil Simon, chini ya uongozi wa Mike Nichols. Lee Grant ndiye muuaji wa Rançon pour un homme mort, kipindi cha majaribio cha mwanzoni mwa mwaka ule ule. Ukiwatazama wawili hawa kwenye diski utaelewa kwa nini waliweza kushika ukumbi mzima: kila mmoja anasubiri mwenzake amalize kufikiri kabla hajajibu.

Inafaa pia kujua kwamba Columbo mwenyewe alizaliwa nje ya Falk. Waandishi Richard Levinson na William Link walimtia kwenye televizio mwaka 1960, akichezwa na Bert Freed, halafu jukwaani mwaka 1962, akichezwa na mzee Thomas Mitchell. Filamu ya 1968, Inculpé de meurtre, imetokana na mchezo ule wa jukwaani, na inaonekana: mazungumzo marefu, vyumba vichache, Falk mwenye nywele zilizochanwa na suti safi, mkali kuliko tutakavyomzoea. Usianzie hapo. Watu wengi wanaanza na diski hiyo kwa kuwa ni ya kwanza kwenye sanduku, wanaichoka, wanaliweka sanduku kabatini.

Anza na Le Livre témoin ya 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Muuaji ni Jack Cassidy, mwenye meno meupe na tabasamu la muuza magari. Weka jicho kwa Falk pale mwingine anapozungumza. Anasikiliza kwa mwili mzima. Na kwa kuwa anaona kwa jicho moja, analeta kichwa kizima kwenye kitu anachokitazama, mahali ambapo mwingine angezungusha macho tu. Kutoka hapo nenda Quand le vin est tiré ya 1973, na Donald Pleasence akiwa mtengenezaji divai. Hiki tunakiweka juu ya vyote. Wale wawili wanaheshimiana kweli, na mwisho wake, ndani ya gari, hauna ushindi wowote usoni mwa mpelelezi. Tazama jinsi Falk anavyoishika chupa. Halafu Le Chant du cygne ya 1974, na Johnny Cash, na baadaye Le mystère de la chambre forte ya 1977, na Ruth Gordon, bibi aliyekwisha fikisha miaka 80. Humo bibi huyo, anayemcheza mwandishi, anamsukuma Columbo ghafla mbele ya kundi la wanawake ili atoe hotuba. Hakujiandaa. Anaanza kwa kutafuta pa kuweka mikono, na anamaliza ukumbi mzima ukiwa kimya. Mwanafunzi wa teatri akirudia dakika hizo mara kumi hatapoteza muda wake.

Waliomfuata Mufwankolo na kundi lake hapa mjini, jukwaani, kwenye redio na televizio, watatambua kitu. Kundi lile lilizoea kujenga mchezo kwa mazungumzo yanayozaliwa papo hapo, na mwigizaji mwenzako anakushangaza kwelikweli. Falk alifanya kitu cha jamaa hiyo ndani ya hadithi iliyokwisha andikwa: akiwa katikati ya mazungumzo anaanza kutafuta karatasi mfukoni au kuomba kalamu, bila kumwonya mwenzake, na hasira ndogo unayoiona kwa muuaji mara nyingine ni hasira halisi ya mwigizaji aliyekatizwa. Kwenye kopi iliyobanwa hasira hiyo haionekani, maana inapita kwenye pembe ya mdomo.

Sauti. Sote hapa tumemjua Columbo kwa Kifaransa, kwa koo la Serge Sauvion, na hakuna aibu kumpenda hivyo. Sauvion alimpa joto na ukwaruzo wa mvuta sigara. Lakini sauti ya Falk mwenyewe ni nyembamba zaidi, ya mtaani New York, inapanda juu mtu anapoitilia shaka, na anakata sentensi mahali ambapo Kifaransa kimelazimika kuzijaza ili midomo ilingane. Njia nzuri ni kutazama kipindi chote kwa Kifaransa, kisha kurudia dakika 10 za mwisho kwa Kiingereza na maandishi ya Kifaransa chini. Kitufe cha AUDIO kwenye telekomande kinabadilisha bila kurudi kwenye menyu. Sauti ikirukia Kiingereza yenyewe katikati ya kipindi cha kale halafu ikarudi, usiilaumu diski: sehemu zilizokatwa zamani kwa ajili ya televizio hazikuwahi kutiwa Kifaransa.

Vipindi 45 vya kwanza, vya 1968 hadi 1978, ndivyo vya kutolea pesa. Misimu ya 2 na 3, yenye vipindi 8 kila mmoja, ndiyo minono. Wa 6 una 3 tu, kwa hiyo usiulipie kama mwingine. Vile 24 vya 1989 hadi 2003 havilingani: Falk amezeeka, ishara zimekuwa kubwa, koti limekuwa sare. Kipo cha 1990 na Patrick McGoohan ambacho kina nguvu zote za zamani, na kipo kimoja cha 1992 ambacho hakina hata mauaji. Ukipewa bei ya sanduku zima na bei ya misimu mitano ya kwanza, chukua mitano.

Kuhusu umeme, ukikatika ukatazama kwa batri, hesabu ni hii. Kipindi kimoja ni dakika 70 hivi au 95 hivi. Televizio ya LED ya inchi 32 inakula wati 50 kwa wastani, lekta 10 hadi 15, konvertisa, inayogeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani, yenyewe inapoteza kidogo, weka 80 kwa jumla. Batri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, basi una 600. Hizo ni saa 7 na kitu, yaani vipindi vinne virefu bila kumwua batri. Umeme ukirudi kwa kishindo kinachoungua kwanza ni kondensa za lekta: taa inapepesa, lekta inajiwasha na kujizima. Fundi akiifungua ataona kondensa imevimba kichwa. Ni kipuri kidogo, usikubali kuambiwa ununue lekta mpya. Na kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, funika lekta kwa kitambaa ikiwa imezimwa, kwa sababu vumbi letu jekundu linakaa kwenye lenzi na kufanya diski nzima ionekane mbovu.

Falk alifariki 23 Juni 2011 akiwa na miaka 83, kumbukumbu zake zikiwa zimechukuliwa na ugonjwa. Michezo yake ya jukwaani usiitarajie humu.

Kama bado una shaka na diski uliyoshikilia dukani, tafuta Poids mort, kipindi cha msimu wa kwanza. Columbo anatoa kitambulisho chake cha polisi, na kamera inakikaribia. Simamisha picha hapo. Katika vipindi vyote 69 hakuna anayelitamka jina lake la kwanza, lakini kwenye kadi ile kuna saini. Kwenye diski safi unasoma "Frank". Kwenye kopi utaona doa la wino.